Wakuu wa shule, ondoeni orodha ya wanaofunga mlangoni mwa bwalo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa shule za bweni, walimu wa zamu, matroni na patroni wenzangu, na wazazi. Jambo lenyewe ni mfungo wa Ramadhani shuleni. Unarudi kila mwaka, tarehe zake zinajulikana mapema, na bado kila mwaka unatukuta hatujajiandaa.

Mimi ni mwanamke wa Kisambaa, Mlutheri, mzaliwa wa Lushoto. Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule ya sekondari ya mchanganyiko mkoani Tanga kwa miaka 15, mpaka nilipostaafu mwaka 2025. Sasa naishi Mabawa, mjini Tanga. Jirani yangu wa ukuta mmoja ana binti wa kidato cha pili anayesoma bweni mkoa mwingine. Mwaka huu alipokuja likizo fupi baada ya Idi, alipita kwangu kunisalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivi?"

Hakujibu, kwa sababu mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Jioni alirudi peke yake, tukawa tunachambua mchicha uani, ndipo akanieleza. Shuleni kwao, siku ya kwanza ya mfungo, viranja wanapita darasa kwa darasa kuandika majina ya wanaofunga. Orodha inabandikwa mlangoni mwa bwalo, na aliyemo hapewi chakula cha mchana mwezi mzima. Siku zake zilipoingia, siku ambazo msichana wa Kiislamu hafungi, jina lake lilikuwa bado mlangoni. Alishinda hivyo hivyo siku sita. Maji alikuwa anakunywa chooni, kwa kiganja, kwenye bomba la kunawia, huku akisikiliza kama kuna hatua za mtu zinakuja. Mtoto wa miaka 15.

Kwa nini chooni? Kwa sababu angeonekana na kikombe mchana, wenzake, hasa wavulana, wangemwita kobe. Kwa msomaji asiyelijua neno hili kwa maana hiyo, huku pwani kobe ni mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. Mtoto akishapewa jina hilo shuleni, linaweza kumfuata mpaka kidato cha nne.

Usiku ule usingizi ulinipaa, kwa kuwa orodha ya namna hiyo niliwahi kuiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2010, Ramadhani imeangukia Agosti, mfungo wangu wa kwanza nikiwa matroni. Mtunza stoo alitaka idadi, na ilikuwa haki yake, maana mahindi na maharage ya makande hupimwa kwa vichwa. Nikachukua daftari la kaunta, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika majina ya wasichana 140 kwa madarasa yao, na pembeni nikaacha visanduku 30, kila siku na kisanduku chake. Mkuu wa shule alilisifu lile daftari.

Siku ya tisa au ya kumi, msichana mmoja wa kidato cha pili alikuja dirishani kupokea chakula. Nilikuwa nimesimama pale na daftari langu. Nikamuuliza, kwa sauti ile ile ninayoulizia nani hajafagia bweni: "Wewe si jina lako limo humu? Mbona leo unataka makande?" Nyuma yake kulikuwa na foleni ya wavulana. Hakusema neno. Aliinamisha uso, akaifuta sahani kwa upindo wa sketi kana kwamba ilikuwa na maji, akairudisha kwenye rafu, akaondoka. Nami nikatia alama ya vema kwenye kisanduku chake, kwamba leo amefunga.

Usiku, baada ya chakula, nilipita jikoni. Mpishi wetu mkuu, mama mtu mzima wa Mwambani, alikuwa anasugua sufuria kubwa kwa mchanga na kumbi la nazi. Hakuacha kusugua.

"Mwanangu Matroni, wewe si mwanamke mwenzetu?"

Nikamjibu ndiyo.

"Basi yule mtoto wa mchana hukumwelewa? Hana swala yule. Leo siku ya tatu hajatia kitu mdomoni mpaka jua lizame."

Nikaketi juu ya gunia la mahindi, akanifundisha. Mwanamke aliyeingia mwezini hafungi. Si kwamba ameachiwa achague. Hata akishinda na njaa, saumu yake haipo. Anakula kama kawaida, na Ramadhani ikiisha anazilipa siku zile, siku kwa siku, kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Hiyo ndiyo kadha. "Swala za siku hizo hazilipwi," aliniambia, "lakini saumu hulipwa." Kwa hiyo yule msichana niliyemrudisha dirishani alikuwa ameshinda na njaa isiyo na thawabu, na deni la siku ile lilikuwa palepale likimsubiri.

Nilikuwa na miaka 45. Nimezaa, nimelea mabinti. Pedi za bweni zima nilikuwa nazigawa mimi, kwenye kabati langu, na nilijua nani huja lini. Sikuwahi kuliweka jambo hili na lile pamoja. Ndiyo maana siandiki barua hii kumnyooshea kidole matroni yeyote. Naandika kwa sababu najua orodha ile inaandikwa na watu wenye nia njema, na nia njema haimshibishi mtoto.

Niruhusu, Mhariri, nieleze mfungo wenyewe kwa faida ya walimu wanaotoka mikoa ambako hawakukulia na majirani Waislamu, maana wanahamishiwa Tanga, Pangani, Bagamoyo au Kilwa na hakuna anayewaketisha chini. Wengi wanaulinganisha na Kwaresma yetu. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama, na mwalimu mmoja kijana alikuwa akisema darasani, "Sote tumefunga." Ilikuwa kauli nzuri, na watoto waliipenda. Ila sisi Wakristo kwenye Kwaresma mmoja huacha nyama, mwingine huruka mlo mmoja, na maji tunakunywa. Saumu ya Ramadhani haina chakula wala tone la maji tangu alfajiri mpaka magharibi. Tanga mwezi Machi alfajiri huingia saa kumi na moja na robo hivi, na jua huzama saa kumi na mbili na nusu na ushei. Ni zaidi kidogo ya saa 13. Nao ni mwezi wa joto, kaskazi iko ukingoni, masika bado hayajapoza ardhi, na darasa la bati lenye wanafunzi 60 linajaa fukuto. Ndani ya saa hizo mtoto anaandika, anatembea, anasimama paredi.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba dini yenyewe imeweka milango ya kutokea. Katika sura ya al-Baqara, palepale inapoamrishwa saumu, aya ya 183 hadi 185, imesemwa kwamba aliye mgonjwa au safarini atatimiza hesabu siku nyingine, na kwamba Mungu anawatakia waja wake wepesi, hawatakii uzito. Mtoto ambaye hajabaleghe halazimiki kabisa. Huku kwetu wadogo hufunga nusu siku kwa mazoezi, na mama zao huwasifia kwa majirani. Mzee asiyejiweza, mama mjamzito au anayenyonyesha akihofia afya, wote wana nafasi yao. Nilipoyajua haya niliona aibu, kwa sababu daftari langu la visanduku 30 lilikuwa na masharti makali kuliko sheria yenyewe ya saumu.

Sasa niseme juu ya daku, maana hapo ndipo mfungo wa mwanafunzi wa bweni unaposimama au kuanguka. Daku ni chakula cha usiku wa manane kabla ya alfajiri. Mtaani Ngamiani utasikia wapiga ngoma wanapita wakiamsha watu. Mtoto wa kutwa ana mama wa kumgusa bega. Mtoto wa bweni mama yake ni shule, na funguo za jiko ziko kwetu. Nimewahi kuona shule inapika ugali mwingi jioni, inafunika, na kuwaambia wanaofunga wajipakulie waweke kwenye ndoo zao mpaka usiku. Ukiufunua saa tisa usiku umekuwa kama tofali, na harufu imebadilika. Watoto wanaacha, wanalala, na asubuhi wanafunga vilevile, maana kukosa daku hakumwondolei mtu saumu. Huyo ndiye utakayemwona saa sita mchana ameweka kichwa juu ya dawati, na mwalimu atasema Ramadhani inashusha taaluma. Ramadhani haina kosa hapo. Jiko lilikuwa limefungwa.

Mpishi wetu alikuwa anaamka saa nane usiku. Kuni za mkaratusi alizipanga tangu jioni, zikavu, ili moto ushike haraka bila moshi mwingi. Kwa wasichana 140 alipima kilo saba za unga wa uji, tui la nazi kidogo ikiwepo, chumvi, na pilipili manga aliyoitwanga mwenyewe. Kando yake viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, na siku za Ijumaa wali na maharage. Hakupiga kengele ya rimu inayoamsha shule nzima. Aligonga kwa mwiko ukingoni mwa sufuria, mara tatu, na amira, yaani kiongozi wa wanafunzi wa Kiislamu, aliusikia, akapita vitanda kwa vitanda. Tulikuwa tumewapanga wanaofunga vitanda vya upande wa mlangoni ili wasiolazimika kuamka wasisumbuke na taa. Kila mmoja alikuja na kikombe na chupa yake. Sheria yangu pale ilikuwa ndogo tu: vikombe viwili vya maji ukiwa jikoni, nione. Maji ndiyo mtoto anayasahau, anafikiria tumbo, na ifikapo saa tisa mchana kichwa kinamgonga.

Kuna usiku mmoja pampu iliharibika, matangi yakawa makavu. Nilitoka na tochi nikitafuta wa kwenda naye kisimani, nikakuta wasichana wanane wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, wameshavaa kanga, ndoo mkononi. Hakuna aliyewatuma. Walisema wamesikia wenzao wanahangaika, nao siku hiyo walikuwa wamekwisha kunywa maji yao ya mchana. Wakachota safari tatu. Sijalisahau lile.

Yako mengine ya ratiba. Prepo, kipindi cha kujisomea, ya saa moja usiku inagongana na futari na swala, kisha tarawehe. Sisi tuliihamishia alfajiri kwa wanaofunga, baada ya swala, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo. Tumboni wana uji, hewa ni baridi, hakuna kelele, na walimu wa hisabati walikiri kwamba hiyo saa moja ilikuwa bora kuliko mbili za usiku. Masomo mazito na vipindi vya maabara vilisogezwa asubuhi. Mchakamchaka ulibaki kwa wasiofunga.

Hapo kwenye michezo lakini niliteleza tena upande wa pili. Nilianza kuwahurumia mno. Niliwaondoa wanaofunga kwenye kila kitu: usafi, mbio, kwaya, hata mdahalo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita 800, alinifuata na macho mekundu. "Matroni, nimefunga, sijafa." Alitaka afanye mazoezi saa kumi na mbili jioni, karibu na magharibi, ili akimaliza akute maji. Nikamruhusu. Kumbe ungemuuliza tu mwenyewe, angekupa jibu ambalo mkutano wa walimu haukulipata.

Wagonjwa ndio wanaonitia hofu zaidi. Tulikuwa na msichana mwenye selimundu. Ugonjwa huo hautaki mwili ukaukiwe maji. Damu inaziba mishipa na maumivu yake hayasimuliki. Alikuwa anafunga kwa siri, akikataa kuonekana dhaifu kuliko wenzake. Mimi Mlutheri ningemwambia nini akanisikia? Nilimpigia simu baba yake, nikamwomba muuguzi wa zahanati, na nikamwalika imamu wa msikiti wa jirani. Yule mzee alikuja na baiskeli, tukakaa wote chini ya mwarobaini. Hakumkemea. Alimuuliza kwanza anaumwaje, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba maradhi yasiyotarajiwa kupona yana hukumu yake: utakula na kunywa, na kwa kila siku utalisha maskini mmoja, hiyo ndiyo fidia, na baba yako ataitoa. "Kikombe chako cha maji, binti yangu, ndiyo ibada yako mwezi huu." Msichana alilia, akanywa pale pale mbele yetu. Wapo pia watoto wanaomeza dawa kila siku kwa saa ile ile, na hawataki mtu ajue ni dawa gani. Hao waende kwa daktari kabla ya mfungo. Dawa nyingi za mara moja kwa siku daktari anaweza kuzihamishia usiku. Ila mtoto hataenda kuuliza kama hujamwambia mapema, faraghani, kwamba mlango uko wazi.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, shule ya serikali haina dini. Ni kweli, serikali yetu haina dini, na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani yake. Uhuru huo kwa mtoto aliyefungiwa ndani ya uzio wa bweni una maana gani kama hawezi kupata uji saa tisa usiku? La pili, fedha. Hili nalijibu kwa hesabu za stoo. Wasichana 140 wasipokula makande ya mchana, na kipimo cha kila mmoja ni robo kilo ya mahindi na maharage, kila siku zinabaki kilo 35. Kwa siku 30 ni kilo 1,050. Bado hujahesabu uji wa asubuhi. Chakula cha daku kimeshalipiwa, kipo stoo, kinasubiri kuhamishwa saa tu. Kinachoongezeka ni kuni na posho ya mpishi anayevunja usingizi wake, na hiyo posho ilipwe, tusimwachie mama wa watu afanye kwa kutafuta thawabu.

Na idadi je, bila orodha? Hapa ndipo ninapotaka wenzangu wanisikilize. Siku ya pili baada ya yale maneno ya usiku jikoni, nilimwendea mkuu wa shule nikamweleza kosa langu, nikalitoa lile daftari. Mpishi alisema hahitaji majina. Anahesabu vikombe vya daku. Usiku wa tatu alikuwa ameshajua: 130, 127, 133. Wanaobaki wamo kwenye hesabu ya mchana, kwisha. Mtunza stoo alikubali, kwa kuwa namba ile ilikuwa ya kweli kuliko vema zangu.

Lakini kuondoa orodha hakukutosha. Binti hawezi kutoka mbele ya wavulana 200 akaketi bwaloni anakula, akijua kila mtu anahesabu siku. Kwa hiyo tulitenga chumba kidogo cha nyuma ya jiko, kile cha kuhifadhia majembe. Tukapiga deki, tukaweka benchi na ndoo ya maji yenye kifuniko. Mlango wake unaelekea migombani, hauonekani kutoka madarasani. Mchana mpishi aliacha sufuria ndogo mle, imefunikwa kwa kawa. Anayetaka anaingia, anakula, anaosha sahani, anatoka. Mwenye homa, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye siku zake, hata aliyeshindwa tu siku hiyo na hana sababu ya kumwambia mtu. Sharti lilikuwa moja, nilimwambia mpishi, viranja na walimu wa zamu: hakuna kuuliza. Walimu wawili walisema chumba kile kitazalisha makobe. Wiki ya kwanza walikuja kuchungulia. Sufuria ilikuwa inatosha watu kumi na tano, na mara nyingi ilibaki.

Yule msichana wa kidato cha pili nilimwomba radhi. Nilimwita chumbani kwangu, nikamwambia nimekosa na kwamba sikujua. Alisema, "Haya, Matroni," akawa anatazama chini, na mpaka anamaliza kidato cha nne hakuwahi tena kuja kuchukua pedi kwangu. Alikuwa anamtuma rafiki yake.

Wakuu wa shule, nawaomba msisubiri mwezi uandame. Mwaka wa mwandamo una siku 354 hivi, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2027 itaanguka karibu na wiki ya pili ya Februari, wakati watoto wa kidato cha kwanza wameripoti bweni mwezi mmoja tu uliopita, wengine hawajawahi kulala mbali na mama zao. Mwaka 2034 na 2035 itakuwa imefika Novemba, mwezi wa mtihani wa kidato cha nne, kama ilivyokuta mtihani wa kidato cha sita Mei 2019. Witeni wapishi, mkae nao Januari. Waulizeni wanafunzi wenyewe, Waislamu na wasio Waislamu. Tafuteni chumba chenu cha majembe.

Mkitaka vipimo vya uji wa daku kwa idadi yoyote, mpishi wetu bado yupo Mwambani, macho yamepungua nuru lakini kichwa kizima, na nimeshamwomba ruhusa. Nitawapeleka mwenyewe.

Binti wa jirani yangu ameamua kulipa siku zake sita kabla hajarudi shule. Leo ni ya nne. Mama yake anatoka saa tisa usiku kuwahi soko la samaki la Deep Sea, kwa hiyo daku lake napasha mimi. Saa kumi kasorobo nagonga ukuta, naye anagonga mara mbili upande wa pili kunijulisha ameamka.

Matroni mstaafu,
Mabawa, Tanga
(Jina limehifadhiwa)